Jirani Aliyekaa na Sahani Zetu

Ukimwalika shughuli ya saa kumi, alifika saa kumi. Alikuwa mtu wa Bagamoyo kama sisi, na alijua fika kwamba saa kumi ya kwenye kadi ndiyo saa watu wanaanza kutafuta sabuni ya kuogea. Lakini yeye alifika vijana wangali juu ya ngazi wakifunga turubai. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa peke yake, kanzu imenyooka, kofia imekaa sawa, mikono juu ya magoti. Mama akimchungulia kutoka jikoni alisema, "Mjapani wetu keshafika. Haya, mpelekeeni kahawa tusije tukaadhirika."

Jina lake sitaliandika. Mtaani wengi walimwita Mjapani, na sisi wadogo tulimwita ami, yaani baba mdogo, kama wanavyoitana kwao watu wenye asili ya Omani. Nyumbani kwetu alikuwa jirani, basi. Upande wa pili wa nyumba tulikuwa na jirani mwingine, lakini huyo alikuwa na jina lake. Mama akisema "jirani" bila kuongeza kitu, sote tulijua anasema juu ya mtu wa nyuma ya ukuta wa kabati la vyombo.

Japani alikaa miaka mingi, akinunua magari ya mtumba na kuyapakia melini. Aliporudi alifungua duka la spea, na madereva wa malori walikuwa wakitoka Chalinze kumfuata yeye, kwa sababu hakuuza kitu kibovu akakiita kizima. Japani hiyo ilimwingia mwilini. Akivua viatu mlangoni kwako aliinama akavigeuza, ncha zikatazama nje, tayari kwa kuondoka. Akisalimiwa shikamoo aliitikia marahaba na kichwa kikashuka kidogo, hata kwa mtoto. Chungwa alilimenya kwa mkanda mmoja usiokatika, kisha akaukunja ule mkanda ukawa kama chungwa zima tena, akakuachia mezani. Nilipokuwa mtoto nilidanganyika mara nyingi nikaokota ganda tupu, naye akacheka mpaka akafuta macho.

Na alikuwa na jiwe. Jiwe la kunolea visu, la pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na upande wa pili laini kama sabuni iliyotumika. Alilitumbukiza kwenye beseni la maji, akangoja lishibe, ndipo akaanza. Mtaa mzima, ikikaribia harusi au hitima, wanawake tulimpelekea visu. Hakuchukua hata senti. Alikaa kwenye kizingiti chake, kisu kinakwenda na kurudi, na kila aliyepita alipata maneno yaleyale: "Kisu kikali hakimkati mtu. Kisu butu ndicho kinachokata mtu, kwa sababu unakilazimisha."

Hapa nitasema ukweli, maana nampenda lakini sikuwa kipofu. Alikuwa bahili wa ajabu. Msumari uliopinda aliugonga ukanyooka, mfuko wa plastiki aliufua akauanika. Ukimwomba bolti moja dukani alikuuliza unakwenda kuifanyia nini, na jibu lisipomridhisha hukuipata. Mtu huyohuyo, mwaka ule paa letu la uani liliporuka na upepo, alileta mabati mapya bila kuambiwa, akayaweka ukutani, akaondoka kabla Mama hajatoka kusema ahsante. Mama alipomfuata kumshukuru alisema, "Mabati gani?" Akakana katakata, na mpaka leo hakuna aliyemfanya akiri.

Mama naye hakuwa mtu wa kushindwa. Siku ya pili alimpelekea samaki wa kupaka kwenye sahani ya kabatini. Hizo sahani ni za kaure, zina maua ya buluu pembeni, alipewa arusini, na zilikuwa sita. Sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuzipumulia. Jioni sahani ilirudi na tende. Mama akaituma tena na kaimati, ikarudi na halua. Hivyo ndivyo ilivyo kwetu, na sidhani kama kuna aliyefundishwa kwa maneno: sahani ya jirani hairudi tupu. Hata kama ni ndimu mbili, hata kama ni chumvi, unatia kitu. Sahani ile na wenzake zilivuka baina ya nyumba mbili hizi kwa miaka, na Ramadhani zilivuka kila magharibi, mihogo ya nazi ikienda, tambi zikija, mpaka Mama akawa anasema sahani zake zinaijua njia zenyewe.

Hadithi yake kubwa ilikuwa ya kijana wa ghorofani. Aliisimulia barazani, watu wakiwa na vikombe vya kahawa, na kila mara aliyekuwa hajaisikia alidhani anatungiwa.

Kule Japani alipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Chumba cha juu alikuwamo mtoto wa mama huyo, mwanamume mzima wa miaka thelathini na kitu, na hakuwa anatoka. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa mfungwa. Alisoma, akamaliza, akakuta makampuni hayaajiri. Akashika vibarua vya mkataba, huku miezi sita, kule mitatu, mwisho hata vibarua vikakatika. Siku ya mwaka mpya ndugu walikuja wakamuuliza, kwa wema tu, siku hizi unafanya kazi wapi? Akasimama mezani, akapanda ngazi, akafunga mlango. Tangu hapo mama yake alimwekea trei ya chakula mlangoni asubuhi na jioni, naye alikula watu wakiwa hawapo, akatoa vyombo vikiwa vimepangwa. Majirani wakimuuliza yule mama, alijibu kijana yuko safarini kikazi.

"Miaka mingapi?" watu waliuliza.

"Mimi nilimkuta ndani, na niliondoka nikamwacha ndani. Na si yeye peke yake. Kule wapo wengi, kila mtaa una dirisha lake lisilofunguliwa."

Hapo baraza lilichafuka. Mwenye kupiga makofi, mwenye kusema laa haula. Muuza kahawa alisema, "Huku haiwezekani, ami. Huku ukijifungia siku mbili, ya tatu watu wameingia na jeneza." Tukacheka sote. Huku kila mlango una hodi yake, kila kikohozi kina mwenye kukiuliza. Nani atakuacha?

Kisha akasimulia kipande cha kuchekesha. Yeye kama Mwislamu alikuwa na tabu na vyakula vya paketi, hajui kusoma maandishi yao, hajui kipi kina nguruwe. Mama mwenye nyumba macho yalikuwa mabovu, maandishi madogo hayaoni. Basi siku moja ami akachukua paketi zake zote za dukani, akapanda ngazi, akaziweka kando ya trei, akasema kupitia mlango, kwa Kijapani chake cha kubabaisha: mwenzangu, nisaidie, nisije nikala nguruwe. Akashuka. Jioni akakuta paketi zimepangwa mafungu mawili. Fungu moja halina kitu. Fungu la pili, kila paketi imechorwa kwa kalamu nguruwe mdogo, mnene, mkia umejikunja. Kuanzia siku hiyo kila wiki alipeleka paketi, na kila wiki nguruwe walizidi kupendeza, mwingine kavaa kofia. Siku anaondoka nchini, alipotazama nyuma kutoka barabarani, dirisha la juu lilikuwa wazi.

Watu walimpenda yule nguruwe wa kofia. Kila mtu alibaki na nguruwe. Mama peke yake, kumbe, alibaki na kitu kingine.

Biashara ilimwendea kombo taratibu. Mzigo ukawa ghali kuuleta, vijana wakahamia kwenye pikipiki ambazo spea zake ziko kila kibanda, na wenye malori wakaanza kuagiza Dar kwa simu. Kwanza aliondoa kibao. Kisha akauza gari lake. Kisha duka likawa la mtu mwingine anayeuza vifuniko vya simu. Mkewe alikuwa keshatangulia mbele ya haki, na binti yake wa pekee ameolewa Maskati. Tulimsikia kupitia ukutani akiongea naye kwa simu, sauti ya uchangamfu: "Alhamdulillahi mwanangu, mambo mazuri, nina shughuli nyingi tu." Sisi tulijua hakuwa na shughuli hata moja, ila kumkosoa mzee wa watu si adabu.

Barazani kwenye kahawa akaacha kuja, halafu kiti chake kikapata mwingine. Alfajiri alionekana msikitini safu ya nyuma, na imamu hajamaliza kugeuka yeye viatu keshavaa. Ijumaa hakuonekana kabisa. Wa msikiti huu walidhani anasali ule, wa ule walidhani anasali huu. Mlango wake ukawa umefungwa asubuhi, umefungwa jioni.

Tulikwenda, jamani, msidhani hatukwenda. Lakini sisi tumelelewa kwamba hodi ni tatu. Unabisha, unangoja. Unabisha, unangoja. Ya tatu isipojibiwa unageuza miguu bila kinyongo, kwa maana mwenye nyumba ana haki ya sitara yake. Basi mtaa mzima ulikuja, kila mtu akapiga hodi tatu nzuri zenye adabu, na kila mtu akageuza miguu. Na visu tuliacha kupeleka. "Tusimsumbue," tulisema. "Ana mambo yake." Hata muuza kahawa hakuleta jeneza.

Mama aliendelea na sahani. Mara ya kwanza niliiacha kwenye kizingiti na kawa juu, nikapiga hodi, nikaondoka. Chakula kiliingia. Sahani haikurudi. Nikapeleka ya pili, ikaingia, haikurudi. Ya tatu. Nyumba nyingine nazo zilipeleka, bakuli hili, hotipoti lile, na zote zilimezwa na mlango ule. Maneno yakaanza. Mwanamke wa kona, mwenye ulimi kuliko wangu, alisema, "Anakula vya watu na vyombo anafanya vyake. Japani imempanda kichwani, ametuona sisi si kitu." Mwingine akasema hiyo ni dharau ya watu wenye asili ya Omani. Chakula kikapungua mlangoni pake, wiki hadi wiki, mpaka tukabaki sisi. Nami nilianza kununa. Nilikuwa nimerudi kwetu baada ya ndoa kunishinda, nakaanga vitumbua vya kuuza, nimechoka, na kabati lilikuwa limebaki na sahani tatu.

"Mama, nikamdai sahani zako?"

Alinitazama kana kwamba nimevua nguo. "Sahani hadaiwi mtu."

Asubuhi moja aliniita kwenye kabati. Magoti yake yalikuwa yameanza kumkatalia, kwa hiyo alikuwa ameegemea ukuta, sikio limegusa chokaa. Akanipa ishara ninyamaze. Nikasikia maji yanamiminwa, na kaure inagonga kaure, polepole.

"Anaosha vyombo," nilisema.

"Vyetu. Naijua sauti ya sahani zangu. Kila siku namsikia. Anaziosha, anazipanga, hazitoki. Kesho anaziosha tena, na hakuna kilicholiwa ndani yake." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, hana cha kutia. Yule hana hata ndimu. Anaona bora tumwite mwizi wa sahani kuliko azirudishe tupu."

Nilikaa chini palepale. Sisi wenye kujua kila kikohozi! Wema wetu wenyewe ndio uliomfungia, na kila sahani tuliyompelekea ilikuwa kufuli jingine.

Nilisema basi tumpelekee chakula kwenye jani la mgomba, asiwe na cha kurudisha. Mama akatikisa kichwa. "Atashiba. Lakini kutoka hatoki. Hukumsikiliza yeye mwenyewe? Yule mama wa Japani alimpa mwanawe miaka na miaka, asubuhi na jioni. Mlango haukufunguka. Ni jirani ndiye aliyeuchokonoa, na hakupeleka hata punje. Alikwenda kuomba." Akanyoosha kidole kwenye karo. "Lete kisu."

Kisu chetu kikubwa wakati huo kilikuwa hakikati hata nyanya, kinaikamua tu. Nilikichukua nikazunguka. Nikapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miguu yangu ikataka kugeuka yenyewe kwa mazoea. Nikapiga ya nne, na nilivyofanya hivyo nilihisi aibu kama nimeingia msikitini na viatu.

"Ami, shikamoo. Ni mimi. Sikuleta kitu leo. Nina shida."

Nikausogelea mlango zaidi.

"Kisu chetu kimekufa. Mjomba kaleta kamba kutoka Saadani, wako ndani ya ndoo, na vitunguu vinanishinda. Mama anasema asipopata kisu cha jirani leo hapiki, na asipopika hali. Ninakiweka hapa chini, ami. Usinicheleweshe, nakuomba."

Nilikiweka kizingitini nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikajifanya natazama barabara. Muda ulipita mrefu. Kisha nikasikia komeo. Mlango ulifunguka upana wa kiganja, mkono ukatoka. Nilikuwa nimeusahau mkono ule, na ulikuwa umekonda mpaka saa ya mkononi imeteremka karibu na vidole. Ukakichukua kisu. Sauti yake ikasema, imekwaruza kwa kutotumika, "Nani amekifanya hivi?"

"Mimi, ami."

"Umekikatia nini, matofali?"

Nilicheka, na kumbe nilikuwa nalia.

Kabla ya adhuhuri kulikuwa na kitu kwenye kizingiti chetu. Sahani ya maua ya buluu, imeoshwa mpaka inang'aa, na katikati yake kimelala kisu, makali yake yametazama upande wa nyumba yake, sio yetu. Mama aliibeba kwa mikono miwili kama anabeba mtoto wa watu. Akaipeleka mpaka kabatini. Hapo akasema, "Haikurudi tupu," akakaa kitini, akalia kwa sauti, mwanamke ambaye hata talaka yangu hakuililia mbele yangu.

Basi nikafanya kazi ya ulimi wangu. Nilipita nyumba hadi nyumba, nikaanza na yule wa kona, nikamwambia pelekeni visu. Walipeleka, na vyombo vikaanza kurudi, bakuli hili na panga lake, hotipoti lile na kisu cha samaki ndani. Wa kona alipopata sinia lake alilitazama muda mrefu, akasema, "Ee Mola, tunasema sana." Jioni akampelekea pilau.

Nisikudanganye kwamba alirudi kuwa yule wa zamani. Barazani hakukaa tena. Mlango ulifunguka, ila aliweka kiti chake ndani ya kizingiti, nusu kivulini, beseni miguuni, na watu wakipita alijibu salamu bila kuinua macho. Nikimuuliza hali alisema, "Mtu hafi kwa njaa, binti. Hufa kwa kuulizwa hali." Kisha akaogopa kwamba amenivunja moyo, akanimenyea chungwa. Duka hakulitaja. Siku moja tu, jiwe likiwa mkononi, alisema bila kutazamwa, "Yule kijana wa ghorofani nilimcheka sana hapa. Ningemwona leo ningemwomba radhi." Akaendelea kunoa.

Binti yake alikuja. Nadhani kuna aliyempigia simu, na nadhani ni Mama, ingawa amekana kwa namna ileile ya mabati. Aliingia, akatoka macho mekundu, akaingia tena. Baada ya siku chache ikajulikana kwamba anampeleka baba yake Maskati, akaishi naye. Heri tupu, tulisema sote. Mimi niliisema heri hiyo kinywani, moyoni sikuwa nayo. Nilitaka abaki nyuma ya ukuta wetu.

Siku ya safari nilikwenda asubuhi na kaimati za moto. Alikuwa tayari, sanduku limesimama, viatu vimetazama nje. Gari lilikuwa lije saa nne, na ilikuwa saa mbili. Nyumba ilikuwa imefagiwa mpaka ukutani. Nilipomkabidhi sahani aliitazama, maua ya buluu, akanirudishia kwa mikono miwili na kichwa kikashuka.

"Hii siipokei, binti. Nikiipokea sitaweza kuirudisha."

"Ndiyo maana Mama ameileta."

"Sikuelewi."

"Kasema: mwambie jirani akae nayo. Sahani yangu haijawahi kupotea, na haijawahi kurudi tupu. Itakapomjia hamu airudishe mwenyewe, na atie anachotaka."

Alisimama. Nilidhani atakana, kama alivyozoea. Badala yake alikula kaimati moja, amesimama vilevile, na shira ikamdondokea kwenye kanzu ya safari, mtu ambaye sikuwahi kumwona na doa. Hakulifuta. Akaiosha sahani, akaikausha, akafungua sanduku lililokuwa limepangwa kama duka, akatoa mashati mawili, akaizungushia. Mashati yaliyokosa nafasi akayaacha kitandani. Kisha akapitisha mkono ukutani, upande wa kabati letu, akagonga mara tatu. Upande wa pili Mama akasema, "Karibu."

Nyumba ile sasa amepanga kijana wa benki, mpole, ana muziki mdogo. Visu vyetu ni butu tena. Nimenunua jiwe, nimelilowesha, nimejaribu, najikata mimi. Nikipita mlango ule kukiwa na kiti nje, hata leo moyo wangu hutangulia mbele yangu.

Juzi nilikuta sokoni sahani inayofanana, maua ya buluu yaleyale karibu kabisa, nikainunua ili zitimie sita. Mama aliipokea, akaigeuza, akaisifu, akaipeleka jikoni kwenye vyombo vya kila siku. Kabatini ameacha pengo lake wazi, na analifuta vumbi. Wageni wakija wakizihesabu wakauliza moja imevunjika lini, hujibu haraka, karibu kwa hasira.

"Haikuvunjika. Iko kwa jirani."